Kuchora Ramani ya Reli ya Mfano kwa Chumba cha Futi 10 kwa 12

Ramani yangu ya kwanza ya reli ya mfano ilikuwa duara refu juu ya plaiwudi moja nzima ya futi 4 kwa 8. Niliisukuma plaiwudi hiyo mpaka kwenye pembe ya chumba cha wageni, hapa Mwanza, na jioni ile ile treni ikazunguka vizuri. Kufikia mwisho wa juma makosa mawili yalikuwa yamejionyesha. La kwanza ni kwamba treni haikuwa na pa kwenda: ilizunguka, ikazunguka tena, na watoto waliokuwa wakiishangilia Jumatatu walikuwa wamerudi kwenye mpira wao siku ya Alhamisi. La pili lilikuwa la mkono. Kutoka ukingo wa mbele hadi nyuma kulikuwa na sentimita 122, na behewa lina tabia ya kuacha reli pale pale mkono usipofika. Nilipanda kigoda, nikaegemea, na kiwiko changu kikaangusha mabehewa mawili nyuma ya meza. Niliing'oa reli yote. Utaratibu unaofuata ndio ninaoutumia sasa, na nitaueleza kwa mfano wa chumba kile kile, kwa sababu hesabu za reli zikitolewa bila chumba halisi hazimsaidii sana anayeanza.

Kazi ya treni kwanza

Kabla ya kuchora mstari wowote, andika sentensi moja inayosema treni yako inafanya kazi gani. Inaonekana kama jambo dogo, lakini ndiyo hatua itakayokuokolea fedha nyingi, kwa kuwa kila kipande cha reli ambacho hakimo katika sentensi hiyo hakina sababu ya kununuliwa.

Sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Viktoria tumerahisishiwa kazi hii. Reli iliyotoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na ilijengwa huku pamba ya Usukuma ikiwa moja ya sababu zake kubwa. Hapa ndipo inapokoma, ila haikomi kwa ghafla: kwenye bandari ya Mwanza Kusini reli zinaendelea mpaka ukingoni mwa maji, na mabehewa yanaingizwa ndani ya meli, kama MV Umoja, yakavuka ziwa hadi Port Bell nchini Uganda. Kwa mchoraji wa reli ya mfano hii ni bahati, kwa sababu njia ina mwisho wa kweli upande mmoja, na mwisho huo una kazi nyingi kuliko stesheni ya kawaida ya abiria.

Sentensi yangu ilikuwa hii: treni ya mizigo ya mabehewa 5 inatoka Tabora, inapishana na nyingine kwenye kituo cha katikati, inaacha na kuchukua mabehewa kwenye jineri (kiwanda cha kuchambulia pamba), inafika Mwanza Kusini, kichwa, yaani injini, kinazunguka kwenda nyuma, na mabehewa yanasukumwa melini. Ukiihesabu utaona inadai mambo matano tu: mahali pa kuificha treni (patakapokuwa Tabora), njia ya kupishania, njia ya pembeni ya jineri, njia ya kuzungukia kichwa, na gati. Stesheni ya abiria haimo. Nilitamani sana kuiweka, na mara tatu niliichora nikaifuta.

Usijaribu kujenga kila kitu kilichopo njiani. Kati ya Tabora na Mwanza kuna takribani kilomita 380, na ukizipunguza kwa uwiano wa 1:87 bado utahitaji zaidi ya kilomita 4 za reli ya mfano. Kituo kimoja kitawakilisha vituo vyote. Mimi kituo changu cha katikati nimekipa sura ya Malampaka, kimojawapo cha vituo vya njia hiyo, lakini sijadai kwamba kila jengo liko pale lilipo kwa kweli.

Kupima chumba

Mafundi seremala hupima kwa futi na inchi, ilhali vifaa vya reli ya mfano vingi hutolewa kwa milimita. Chagua kimoja mwanzoni, na nakushauri uchague milimita, kwa sababu kubadilisha vipimo katikati ya kuchora ndiko kunakozaa makosa. Chumba changu cha futi 10 kwa 12 ni milimita 3,050 kwa 3,660. Pima kuta zote nne hata kama unaamini zinalingana, kwani nyumba nyingi hazina pembe mraba kamili. Weka alama za mlango na upande unaofungukia, madirisha, soketi za umeme, na swichi ya taa. Kitanda cha wageni nacho kilibaki chumbani, kwa hiyo reli ilibidi ipite juu yake.

Badala ya meza katikati ya chumba, nilichagua rafu inayofuata kuta tatu, kama herufi U, yenye upana wa sentimita 50. Mtu wa kimo cha kawaida hufikia sentimita 60 bila taabu, na 75 kwa kujinyoosha. Zaidi ya hapo ni kutafuta ajali. Kadiri rafu inavyokuwa juu ndivyo mkono unavyopungukiwa, kwa hiyo kama unataka rafu ya usawa wa kifua, punguza upana. Yangu iko sentimita 115 kutoka sakafuni, jambo linaloruhusu mgeni kulala chini yake. Acha nafasi ya kupita isiyopungua sentimita 60, na zaidi kama mtakuwa wawili.

Anayeishi kwenye chumba kimoja cha kupanga asikate tamaa. Upo mpangilio mdogo uliobuniwa na Mwingereza Alan Wright, unaojulikana kama Inglenook, ambao una njia tatu tu na pointi mbili, yaani mahali pawili njia moja inapogawanyika kuwa mbili: njia moja inachukua mabehewa 5, nyingine 3, nyingine 3, na njia ambayo kichwa huyavutia mabehewa kinapoyapanga inachukua kichwa pamoja na mabehewa 3. Unakuwa na mabehewa 8, unachagua 5 kwa kura, kisha unapaswa kuyapanga kwa mfuatano uliotoka. Mifuatano inayowezekana ni 6,720, kwa hiyo huwezi kuchoka upesi. Kwa mabehewa ya ukubwa ninaoutumia mimi, ubao wa mita 1.9 kwa sentimita 30 unatosha, na unaweza kulala juu ya kabati.

Uwiano, geji, na kona

Uwiano wa 1:87, unaoitwa HO, hutumia reli zenye upana wa milimita 16.5. Uwiano wa 1:160, unaoitwa N, hutumia milimita 9 na unahitaji karibu nusu ya nafasi. Nilichagua HO kwa sababu vidole vyangu si vyembamba na macho yangu hayazidi kuwa makali.

Hapa pana jambo linalomhusu Mtanzania. Reli yetu ya zamani ni ya geji (upana kati ya reli mbili) ya mita moja, na mita moja katika 1:87 ni milimita 11.5. Zipo reli za mfano za milimita 12 kwa ajili hiyo, lakini vichwa na mabehewa yake ni adimu na bei yake ni kali. Reli ya milimita 16.5 inawakilisha milimita 1,435, ambayo ni geji ya reli mpya ya SGR, ikiwa ni pamoja na kipande cha kati ya Mwanza na Isaka. Kwa hiyo mwenye kutaka kujenga SGR anapata geji sahihi bila jasho, ila atawajibika kusimamisha nguzo na nyaya za umeme juu ya njia yote. Mimi nilitaka bandari ya zamani, nikaamua kuzisamehe milimita 5. Mgeni aliyesimama hatua mbili kutoka rafuni hajawahi kuziona.

Kona ndiyo inayoamua ramani, wala si matakwa ya mchoraji. Kanuni inayofaa ni kwamba nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya urefu wa behewa lako refu kuliko yote. Mara nne ndipo treni huanza kupendeza machoni. Behewa la abiria la mita 20 katika HO lina urefu wa milimita 230, hivyo linataka kona ya milimita 690. Behewa la mizigo la mita 12 lina milimita 138, na linaridhika na 414. Reli za vipande zilizokwisha kupindwa kiwandani huuzwa kwa kona za 371, 438, 505 na 571.5, na mara moja utaona kwa nini stesheni ya abiria niliifuta: behewa refu katika kona ya 505 lingetokeza tumbo lake nje ya reli na kugusa lililo jirani. Nilibaki na mizigo, na kona ya 505.

Sasa chora kona hiyo ukutani uone inavyokula nafasi. Reli yangu inapita katikati ya rafu, yaani milimita 250 kutoka ukutani. Ili igeuke kwa nusu kipenyo cha 505, lazima ianze kupinda ikiwa bado milimita 755 kutoka pembe ya chumba, na itanyooka tena milimita 755 baada ya pembe. Ukuta wa kushoto wa 3,660 una pembe moja tu inayopindwa, hivyo unabakiwa na 2,905 zilizonyooka. Ukuta wa mbele wa 3,050 una pembe mbili, na zilizonyooka ni 1,540 tu. Nusu ya ukuta imeliwa na kona. Wachoraji wengi huchora kona kwa jicho, zikatoka ndogo kuliko zilivyo, na ramani ikapendeza kwenye karatasi lakini ikagoma rafuni.

Epuka pia kona mbili zinazopinda kinyume bila kipande kilichonyooka kati yake. Behewa la mbele likivutwa kushoto huku la nyuma bado linaelekea kulia, vishikizo vinavutana ubavuni na behewa jepesi linapinduka, hasa kichwa kinaposukuma. Weka katikati yake kipande kilichonyooka chenye urefu wa angalau behewa lako refu.

Urefu wa treni

Kichwa changu kina milimita 190. Behewa pamoja na kishikizo chake ni 145, hivyo mabehewa 5 ni 725, na treni nzima ni 915. Namba hizi tatu ziandike kwa wino mzito juu ya karatasi ya kuchorea, kwa sababu zitakurudia kila mahali.

Njia ya kupishania inapaswa kuchukua treni nzima. Kosa la kawaida ni kuipima kutoka pointi hadi pointi. Pointi hutenganisha njia polepole. Za kampuni ya Peco ninazozitumia huachana kwa nyuzi 12, ambayo ni karibu sentimita 1 ya upana kwa kila sentimita 5 za mwendo. Behewa haliwezi kusimama salama mpaka njia mbili ziwe zimeachana kiasi cha kutosha lisikwaruzwe na linalopita, na hilo huchukua kama milimita 300 kila upande. Kwa hiyo treni ya 915, ukiongeza 50 za tahadhari na 600 za ncha mbili, inataka milimita 1,565. Niliita 1,600.

Hapo nikagundua kwamba kituo cha katikati hakiwezi kukaa ukuta wa mbele, ambako nilikuwa nimekiweka tangu siku ya kwanza kwa kuwa ndio ukuta unaoonekana mtu anapoingia. Kulikuwa na 1,540. Milimita 60 pekee zilinizuia, na kwa siku mbili nilijaribu kujidanganya kwamba zingepatikana. Mwishowe kituo kilihamia ukuta wa kushoto, pamoja na Tabora. Tabora yenyewe ni njia mbili zilizofichwa nyuma ya ubao wa hadibodi uliochorwa mawe na miti. Njia ya 915, na 50 za tahadhari, na 250 za pointi, jumla 1,215. Ukijumlisha na kituo unapata 2,815 kati ya 2,905. Njia ya jineri inachomoza kutoka njia ya kupishania na kukimbia sambamba nayo ikiwa na nafasi ya mabehewa matatu.

Kuhama huko kulitoa faida ambayo sikuitarajia. Njia ya kuzungukia kichwa haihitaji kuchukua kichwa chenyewe, inahitaji kuchukua mabehewa tu, yaani 725 na ncha mbili za 300, jumla 1,325. Hiyo inaingia katika 1,540 za ukuta wa mbele na nafasi inabaki. Kichwa kinapotoka nje ya pointi ili kirudi upande wa pili, kinasimama kwenye kona, na kona zipo pande zote mbili.

Sehemu nyingine inayodanganya ni uwanja wa mabehewa. Njia zikiwa zimeachana kwa milimita 50, kila njia unayoongeza inasogeza mwanzo wa nafasi ya kusimama kwa 250. Njia tatu zinakula nusu mita kabla behewa la kwanza halijapata mahali, na njia tano zinakula mita nzima. Katika chumba kidogo, njia tatu ndefu zinafaa kuliko tano fupi.

Kuhusu miinuko nitasema machache. Ili njia moja ipite juu ya nyingine katika HO unahitaji kimo cha sentimita 10 hivi, ukihesabu na unene wa ubao. Kwa mwinuko wa asilimia 2.5, ambao tayari unakisumbua kichwa kidogo chenye mabehewa mengi, hizo ni mita 4 za kupanda, na mita 4 nyingine za kushuka kama unarudi chini. Katika rafu yenye urefu wa mita 9 jumla, haifai. Weka reli tambarare, kisha inua na kushusha ardhi kandokando yake. Mawe makubwa yanayobebana, kama yale yanayotutazama kila siku kutoka Capripoint, yatampa mtazamaji vilima vya kutosha bila treni kupanda hata sentimita moja, na pia yanaficha vizuri mahali reli inapotoboa ukuta wa hadibodi.

Jaribio la kalamu mbili

Reli ya mfano ya kawaida hupokea umeme kupitia reli zake mbili, moja ikiwa chanya na nyingine hasi. Chukua ramani yako na kalamu mbili, nyekundu na bluu. Pitisha nyekundu juu ya reli ya kulia na bluu juu ya reli ya kushoto, ukifuata kila njia na kila tawi mpaka mwisho, bila kunyanyua kalamu. Kama kuna mahali nyekundu inakutana na bluu, hapo umeme utagongana mara tu utakapowasha.

Hali hiyo hutokea njia inapojipinda kama tanzi na kuirudia pointi ile ile iliyotokea, au panapokuwa na pembetatu ya kugeuzia vichwa. Haikatazwi. Unachohitaji ni kutenga kipande kinachozidi urefu wa treni nzima kwa kukata reli zote mbili katika kila mwisho wake, kisha kukipa swichi yake ya kugeuza chanya na hasi. Ila ni lazima ukijue kipande hicho ukiwa bado na karatasi, kwa kuwa urefu wake unaingia kwenye hesabu za nafasi. Ramani yangu ya U haina tatizo hilo, na nakiri kwamba hiyo ni mojawapo ya sababu za kuipenda.

Jambo moja la mahali petu: jioni ambazo wadudu wadogo wa ziwani wanatoka kama moshi, huifuata taa, hufia juu ya reli, na magurudumu huwasaga mpaka reli ikapakwa utando usiopitisha umeme vizuri. Kwa hiyo usiifiche reli yoyote mahali ambapo kitambaa na mkono havifiki. Ubao wangu wa Tabora unasimama kwa sumaku mbili na hung'oka wote.

Karatasi sakafuni

Programu za kuchorea reli zipo, kama XtrkCAD ambayo ni ya bure, na zinafanya hesabu za kona vizuri. Hata hivyo sijaona mbadala wa kuichora ramani kwa ukubwa wake halisi. Unganisha karatasi za manila kwa gundi ya karatasi mpaka upate umbo la rafu yote, uzitandaze sakafuni, na chora.

Kwa kona, chukua ubapa wa mbao wenye urefu wa kama sentimita 60. Piga msumari mwembamba karibu na ncha moja. Pima kutoka msumari huo milimita 505 na utoboe tundu linaloingia ncha ya penseli kwa kubana. Msumari ukikaa mahali pa kitovu, mtu mmoja anaushikilia kwa kidole gumba na mwingine anazungusha penseli taratibu. Mstari unaopatikana hauna ubishi, na hapo ndipo utakapojua kama kona inagusa ukingo wa rafu.

Kwa pointi, Peco huweka mtandaoni michoro ya pointi zake yenye ukubwa halisi, ambayo unaichapisha, unaikata na kuilaza mahali pake. Angalia kitu kimoja. Mara ya kwanza nilipeleka michoro hiyo steshenari, nikalipia karatasi kumi, nikazikata zote usiku. Pointi ya milimita 219 ilikuwa na 210. Mashine ilikuwa imepunguza mchoro ili utoshee pambizo za karatasi, na mimi nilikuwa nimeshaipanga stesheni nzima kwa pointi zilizopungua. Mwambie anayechapisha atumie ukubwa wa asilimia 100, kisha weka rula juu ya karatasi ya kwanza ukiwa bado umesimama kaunta.

Ramani ikikamilika sakafuni, panga mabehewa juu ya mistari kwa mikono, au kama bado hujayanunua, vipande vya boksi vilivyokatwa kwa 145. Endesha kazi yote ya sentensi yako kwa vidole. Mwanangu wa pili ndiye aliyegundua, katika dakika ya tano, kwamba kichwa kilichoingia kuchukua mabehewa ya jineri kikitokea Tabora kingejifungia humo, kwa kuwa pointi ilielekea upande usiofaa. Kuigeuza kulihitaji kifutio tu. Vifaa vingi tunaviagiza kutoka nje, na kurudisha pointi ya mkono wa kushoto uliyoinunua kwa makosa ni safari ndefu.

Utakapofika kwenye kulaza reli zenyewe, acha mwanya mdogo kwenye baadhi ya maungio, kama unene wa vocha ya simu. Mbao hunywa unyevu wakati wa masika na kuuachia wakati wa kiangazi, na reli iliyobanwa pande zote hujipinda.

Gati, na mlango

Gati nililichora mwisho ingawa nafasi yake niliitenga mapema. Rafu ya ukuta wa kulia ina milimita 2,400, kona inachukua 755, na 1,645 zinabaki. Pointi mbili zinazozaa njia tatu zinakula 500, kisha njia hizo zinakimbia sambamba zaidi ya mita moja mpaka ukingoni, ambapo rafu inaishia na ziwa linaanza.

Meli ni ubao wa milimita 900 kwa 200 wenye njia tatu, kila moja ikichukua mabehewa 5. Ubao huu haujafungwa. Unakaa juu ya miguu yake wenyewe, na unashikana na rafu kwa bawaba mbili ndogo za mlango ambazo nimezitoa pini: nusu ya kila bawaba iko rafuni, nusu melini, na msumari ukipenya zote mbili reli zinakutana sawasawa kwa kimo na kwa upande. Umeme unavuka kwa nyaya mbili zenye klipu. Weka kizuizi kwenye ncha zote za njia za meli, kwa maana mabehewa yenye magurudumu mazuri hayasubiri kuambiwa. Faida yake ni kubwa kuliko ukubwa wake. Meli ikinyanyuliwa na kuwekwa juu ya kabati, mabehewa 15 yameondoka Mwanza, na ukiirudisha kesho ikiwa na mengine, yametoka Port Bell. Yaani ni ghala la mabehewa lisilochukua nafasi ya chumba.

Ukitaka upakiaji ufanane na ule wa kweli, zingatia mambo mawili. Uzito wa meli lazima ugawanywe pande zote, kwa hiyo usijaze njia ya kushoto yote kabla ya kugusa ya kulia. Anza na ya katikati, kisha peleka machache huku na machache kule. Pia katika vivuko vingi vya reli duniani kichwa hakiingii kwenye daraja la kupakilia kwa sababu ya uzito wake, bali husukuma kupitia mabehewa matupu mawili au matatu yanayokaa kati yake na mzigo. Mabehewa hayo matupu yanahitaji mahali pa kukaa yasipotumika, na sikuyakumbuka wakati wa kuchora. Sasa yanalala kwenye njia ya kuzungukia kichwa, na kila treni inapofika inabidi kwanza yaondolewe.

Baada ya rafu kuisha, kuna milimita 1,260 za ukuta, na ndani yake mlango. Meli ikiwa gatini inakatiza mlango wote. Kwa hiyo tunapopakia, komeo huwekwa ndani, na anayegonga huulizwa kama ana haraka au anaweza kusubiri mpaka njia ya tatu ijae. Mama watoto huwa ana haraka.